Herufi Zenye Meno ya Msumeno

Kengele ya kutoka ikishalia, wenzangu walikimbilia uwanjani, nami nilikimbilia chumba cha kompyuta huku mkono mmoja umeshika mfuko wa sketi. Mfukoni mlikuwa na ufunguo mkubwa wa chuma, mzito kiasi cha kuivuta sketi upande. Shule nzima ilikuwa na wanafunzi mia sita, na wenye ufunguo ule tulikuwa wawili tu: mwalimu wa kompyuta na mimi. Msidhani najisifu. Haya, najisifu kidogo.

Chumba kilikuwa na kompyuta saba. Tano zilifanya kazi, mbili zilikuwa wagonjwa wa kudumu. Hata hizo nzima, ukiwasha moja ungeweza kwenda kunywa maji, ukarudi, ukaikuta bado inajifikiria. Ndiyo maana mwalimu alikuwa na neno moja tu kinywani: "Subiri kidogo." Tukamwita Mwalimu Subiri. Alilijua jina hilo, na alikuwa anasubiri amjue aliyelianzisha. Bado anasubiri, na mimi sisemi.

Mimi waliniita Sentimita. Jina lina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba baba yangu ni seremala, na alinipa rula ya chuma ambayo nilitembea nayo kila mahali nikipima madaftari, madawati na masikio ya watu. Ya pili ni urefu wangu, kwa hiyo tuishie kwenye ya kwanza.

Rafiki yangu aliitwa Ukuta. Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza mpaka la saba. Alikuwa golikipa wa timu ya wasichana, na zamani mpira ukimpita, watu waliuliza kama siku hiyo hakuwepo golini. Muhula ule, hata hivyo, alikuwa amefungwa mabao saba. "Jua lilinipiga machoni, shoga," aliniambia. Siku moja alisema hivyo na mvua ikinyesha. Darasani pia alinigusa kiwiko kila saa: "Pale ubaoni ameandika nini? Mwandiko wa mwalimu huyu kama kuku kapita na matope." Nilicheka, nikamsomea. Mimi niliyepima mpaka masikio ya watu, sikulipima hilo.

Kila mwaka nesi wa zahanati alikuja kutupima macho kwa chati ya herufi. Mwaka ule alikuja na uso wa msiba. Chati yake ilikuwa imelowa stoo, imebaki ukungu mtupu.

"Mwalimu, watoto wako hawawezi kunitengenezea nyingine kwa kompyuta?" aliuliza. "Ila vipimo visikosewe. Herufi ya juu kabisa, milimita themanini na nane. Za mstari wa mwisho, tisa kasoro kidogo. Mtoto anasimama mita sita. Na nina nafasi kumi na mbili tu za kliniki ya macho muhula huu. Chati ikidanganya, nitampeleka mzima na kumwacha mgonjwa."

Mwalimu Subiri alinitazama. "Sentimita, umesikia?"

"Nimesikia, mwalimu." Nilikuwa nimeshatoa rula.

Nilifanya kazi ile siku tatu katika programu ya kuhariri picha. Nilitengeneza ukurasa wenye ukubwa wa karatasi yenyewe ya chati, nikaandika herufi mstari kwa mstari, kila mstari na kipimo chake, nyeusi, kingo zimenyooka. Ukuta alikaa pembeni yangu akinitajia vipimo kutoka kwenye karatasi ya nesi, pua yake ikikaribia kuigusa. Nilipomaliza niliandika chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi: Imetengenezwa na Sentimita na Ukuta.

"Mimi nimefanya nini?" aliuliza akitabasamu.

"Umenipa moyo. Na nusu ya karanga zako."

Alhamisi ile mama alikuwa ameniagiza niwahi nyumbani kumshika mdogo wangu. Faili lilikuwa bado kunakiliwa kwenye flashi na kupelekwa kwa fundi wa mabango, kwa sababu printa ya shule ilichapisha karatasi ndogo tu. Duka la fundi lilikuwa njiani kwa kina Ukuta. Hapo ndipo nilipofanya nilichokatazwa: nilimpa ufunguo.

"Nakili, funga mlango, mpelekee fundi. Usiguse kitu kingine. Ufunguo unirudishie kesho asubuhi kabla mwalimu hajafika."

"Naapa, Sentimita. Mimi na wewe si tunajuana?"

Tulijuana. Ndivyo nilivyodhani.

Jumatatu chati ilitundikwa ukutani darasani kwetu. Nesi alikuwa na foleni ndefu na haraka zake, akaanza papo hapo. Wa kwanza alikuwa mvulana tuliyemwita Tai, ambaye anaona chenji iliyodondoka upande wa pili wa barabara. Tai alisoma mistari mitatu, akaanza kukodoa macho.

"Hiyo ni... B. Au nane. Nesi, kuna namba humo?"

Aliyemfuata aliona kitana. Mwingine aliona geti. Kufikia mapumziko, kati ya wanafunzi arobaini, thelathini na mmoja walikuwa wameshindwa, na walioshindwa walikuwa wakigongana makusudi mlangoni wakiombana msamaha kwa sauti za wazee. Nesi hakucheka. Alikuwa akitazama karatasi yake ya majina, kisha nafasi zake kumi na mbili.

Ndipo Ukuta akaingia. Alisimama kwenye alama, akafunika jicho moja, akashusha mistari yote kama maji ya bomba. Mstari wa mwisho: "H, P, T, U, Z, D, F, N." Jicho la pili: vilevile. Darasa zima likapiga makofi, na mimi nilipiga kuliko wote.

Nesi alisogea kwenye chati mpaka karibu kabisa. "Ajabu," alisema taratibu. "Mstari huu hata mimi nausoma kwa taabu nikiwa hapa. Hebu nani ana rula?"

Kila mtu aligeuka kunitazama. Nilimpa rula yangu mwenyewe.

"Sitini na moja," nesi alisoma. "Nilisema themanini na nane. Na hizi kingo, tazama, kama meno ya msumeno."

Niliona kwa macho yangu. Herufi zangu nilizozinyoosha siku tatu zilikuwa na ngazi ngazi pembeni, na zile za chini zilikuwa madoa. Masikio yangu yalipata moto.

"Nilipima!" nilisema. "Mwalimu, wallahi nilipima."

Mwalimu Subiri alikuwa amesimama mlangoni. "Alhamisi nani alikuwa na ufunguo?"

Nilimtazama Ukuta. Nilisema moyoni: atanyanyua mkono, tutagawana lawama, yataisha. Ukuta alikuwa anatazama viatu vyake kana kwamba vimeandikwa kitu.

"Mimi," nikasema.

"Basi nipe."

Mfuko wa sketi ulibaki mwepesi. Nilitembea siku nzima nikihisi nimeegemea upande.

Mchana wote walinitania. "Sentimita, nishike mkono, sioni njia." "Sentimita, hii ni supu au kisima?" Ukuta alinipa penseli yake mpya, ambayo sikuwa nimeiomba. "Pole, shoga. Kompyuta zenyewe za zamani zile," alisema. Nilimshukuru. Nikikumbuka kwamba nilimshukuru, hadi leo natamani kurudi nikajifinye.

Siku iliyofuata Mwalimu Subiri aliniita. "Ufunguo nimechukua, lakini kosa bado ni lako. Njoo tulitafute limejificha wapi."

Tulifungua faili. Alianza kwa lile jepesi: programu ile ina kitufe cha kulainisha kingo za herufi, na kikizimwa, herufi huota meno. Kilikuwa kimewashwa. Alikizima, akakiwasha, herufi zikabaki vilevile.

"Bonyeza juu ya herufi kana kwamba unataka kuiandika upya," alisema.

Nilibonyeza. Kwa kawaida kialama cha kuandikia kingetokea hapo na kuanza kupepesa. Hakikutokea. Nilibonyeza herufi nyingine, na nyingine.

"Zimekufa," alisema mwalimu. "Subiri kidogo, nikueleze. Maandishi yakiwa bado maandishi, kompyuta inalikumbuka umbo la kila herufi. Ikuze iwe kubwa kama nyumba, itachorwa upya na kingo zake zitakuwa safi. Lakini mtu akiyaunganisha maandishi na picha, kompyuta inasahau kwamba ile ni herufi. Kinachobaki ni nukta, kama vigae sakafuni. Ukiipunguza picha, nukta nyingi zinatupwa. Ukiivuta tena iwe kubwa, hazirudi. Zilizobaki zinanenepa, na hayo ndiyo meno yako. Sasa tazama ukubwa wa ukurasa."

Nilitazama. Ukurasa wangu mkubwa wa chati ulikuwa umekuwa mdogo kama karatasi ya daftari.

"Bila shaka fundi aliuvuta ukaribie kujaa karatasi yake, akaacha nafasi pembeni. Ndiyo sitini na moja yako," alisema. "Na faili limehifadhiwa mara ya mwisho Alhamisi, saa kumi na dakika arobaini. Ulikuwa unafanya nini humu saa hiyo?"

Saa kumi na dakika arobaini nilikuwa nyumbani, mdogo wangu mgongoni akinivuta nywele.

Mwalimu alitoka kumjibu mtu mlangoni, nami nikainama kuokota karatasi iliyoangukia nyuma ya printa. Ilikuwa chati yangu, ndogo, imechapishwa kwenye karatasi ya kawaida na kukunjika upande mmoja. Mtu alikuwa amezigawa herufi kwa penseli, nne nne: H P T U, halafu mstari, halafu Z D F N. Ninamjua mtu mmoja tu anayegawa vitu nne nne anapokariri. Ndivyo alivyokariri namba ya simu ya mama yake, na ndivyo alivyokariri jedwali la saba akiwa amekaa pembeni yangu.

Nilikaa sakafuni. Mabao saba. Mwandiko wa kuku. Pua kwenye karatasi. Alikuwa haoni, na hakutaka ijulikane. Alilifungua faili langu, akalipunguza liingie kwenye printa ndogo, kompyuta ilipomuuliza kama aunganishe na ahifadhi akakubali kila kitu, kisha akakaa kukariri. Kuharibu kunawezekana kwa bahati mbaya. Lakini alisimama pale akapigiwa makofi, na mimi nilivuliwa ufunguo mbele yake.

"Umepata kitu?" mwalimu aliuliza aliporudi.

Niliikunja karatasi nikaitia mfukoni, pale pale ulipokuwa ufunguo. "Subiri kidogo, mwalimu."

Kwa mara ya kwanza, nadhani, yeye ndiye aliyeambiwa neno hilo.

Jioni nilimfuata Ukuta uwanjani, golini kwake. "Nataka nikuulize jambo moja tu. Alhamisi uligusa kitu chochote?"

"Hata kidogo."

"Fikiri kwanza."

"Sentimita, jamani! Nimeapa. Au huniamini?" Akakasirika kabisa, mikono kiunoni. Mpira ukapita pembeni yake ukaingia wavuni, na hakuuona.

Jioni ile ile mwalimu alinifungulia chumba, na kwa kuwa vipimo nilikuwa navyo tayari, niliandika chati upya, herufi baada ya herufi. Safari hii nilibadilisha mpangilio wote. Chini nilifuta maneno mawili: na Ukuta. Nafasi niliiacha wazi. Kisha nilimpelekea fundi mwenyewe, nikaipima herufi ya juu hapo hapo dukani kwake: themanini na nane kamili.

"Hii sawa," fundi alisema. "Ile ya kwanza ilikuja ndogo kama stempu. Nilimwambia yule binti, nikiivuta itachakaa. Akasema, 'We vuta tu, hakuna neno.'"

Kumbe aliambiwa. Nilitembea njia nzima bila kupima kitu chochote.

Nesi alirudi Jumatano. Safari hii alipima mmoja mmoja, mlango wa darasa umefungwa, na aliniweka ndani nimwandikie matokeo. Tai alisoma mpaka mstari wa mwisho, akauliza kama kuna mwingine. Wale thelathini na mmoja walipona wote isipokuwa watano. Nilikuwa natia alama huku nikimngoja mtu mmoja. Ningeweza kutoka nje nimnong'oneze, "Zimebadilika." Kalamu nilikuwa nayo, miguu nilikuwa nayo. Sikutoka.

Ukuta aliingia akitabasamu, akafunika jicho. Nesi alionyesha mstari wa mwisho kwa kijiti.

"H, P, T, U," Ukuta alisema, akapumua, "Z, D, F, N."

Nesi aliitazama chati, kisha akamtazama yeye.

"Herufi nzuri sana hizo, mwanangu," alisema. "Ila hazipo."

Ukuta alishusha mkono. Macho yake yaliitafuta chati, yakakunjamana, yakaja kwangu. "Umebadilisha."

"Nimebadilisha."

"Ungeniambia!"

"Nilikuuliza," nilisema. Nilitoa ile karatasi iliyokunjwa nikaiweka mezani. "Nilikuuliza ukaniapia. Nilisema 'mimi' mbele ya darasa zima kwa ajili yako. Na wewe ulikuwa unatazama viatu."

Alianza kulia, si kilio cha kutafuta huruma, bali kile cha makamasi. "Kocha alisema golikipa wa miwani hajawahi kumwona. Nikipewa miwani ananitoa. Mimi nina nini kingine, Sentimita? Wewe una kompyuta, una rula, una kila kitu. Nilitaka kuchapisha moja tu, niikariri. Sikujua kama faili litaharibika."

"Fundi alikuambia."

Alijifuta pua kwa mkono wa shati.

"Na ufunguo wangu?"

"Nilidhani watakurudishia."

Nesi alivuta viti viwili, akatuketisha kama wagonjwa wa foleni. Alimgeukia Ukuta kwanza.

"Nani alikuambia huu ni mtihani? Mtihani ukiibia, unapata alama ambazo si zako. Hapa ukiibia, unabaki na ugonjwa ambao ni wako. Juzi nilikuandika mzima. Nafasi yako ya kliniki ningempa mtu mwingine, na wewe ungeendelea kufungwa mabao na kuanguka masomo kwa sababu ya kitu kinachotibika kwa vioo viwili. Kocha nitaongea naye mimi. Miwani hufungwa kwa kamba ya lastiki nyuma ya kichwa. Mpira haujui kama umevaa."

Kisha alinigeukia, nilipokuwa nimeshaanza kujisikia mshindi.

"Na wewe. Ulijua tangu lini?"

"Jana, nesi."

"Ukamwacha aje asimame hapa."

"Ndiyo."

"Na huo ufunguo, ulimpa wewe?"

"Ndiyo."

"Basi uongo huu mmeubeba wawili. Mmoja kashika kichwa, mwingine kashika miguu. Nendeni kwa mwalimu mkautue."

Tulikwenda, tumeachana hatua tatu. Nilisema sehemu yangu, Ukuta akasema yake. Mwalimu Subiri alisikiliza mpaka mwisho.

"Ufunguo utarudi," aliniambia. "Baada ya wiki tatu. Neno lenyewe unalijua."

Nililijua.

Ukuta alipewa nafasi ya sita kati ya zile kumi na mbili. Baada ya wiki mbili alikuja shuleni na miwani imefungwa kwa lastiki nyekundu. Tai alitaka kutania, akaona macho yangu, akaahirisha. Sikuwa nimemsamehe. Tulikaa dawati moja tukizungumza kama watu waliokutana hospitali: "Nipishe." "Ahsante." Lakini hakunigusa tena kiwiko kuuliza ubaoni pameandikwa nini, na nilishangaa kwamba kiwiko changu kilingoja.

Jioni moja tulibaki kufagia darasa. Mwalimu alikuwa mezani akisahihisha. Ukuta alikuwa usawa wa dawati la pili na ufagio, na ghafla akasimama akitazama chati, iliyokuwa bado ukutani. Hakusogea mbele. Alisoma akiwa pale pale, polepole, yale maandishi ya chini madogo kama sisimizi.

"Imetengenezwa na Sentimita." Akaegemea ufagio. "Jina langu umelitoa."

"Nimelitoa."

"Kuna nafasi hapo lilipokuwa."

"Ipo."

Aliinama akaendelea kufagia pale pale alipokwisha kufagia. Kisha akasema, "Ulichofanya ulipochukua lawama, mimi nisingeweza. Nilikuwa nimekaa pale najiambia nyanyua mkono, nyanyua mkono. Nisamehe." Hakuapa. Safari hii hakuapa.

Nilimgeukia mwalimu kwa sababu sikujua pa kutazama. "Mwalimu, kitu kikishaharibika hivyo, hakuna kitufe cha kukirudisha?"

Mwalimu Subiri aliweka kalamu chini. "Kitufe hakuna. Uliona mwenyewe: ukivuta kilichoharibika, unapata meno tu. Yale maandishi ulifanyaje?"

"Niliandika upya."

"Yote kwa mara moja?"

"Herufi moja moja."

"Basi. Na kuaminiana ni vivyo hivyo, nyote wawili. Aliyeharibu aseme kweli leo, na kesho, na keshokutwa. Aliyeumia aache nafasi wazi. Msiharakishe, na msidanganyane tena hata kwa wema." Alifungua droo, akatoa ufunguo, akaupima mkononi. "Zimebaki siku nne. Lakini sakafu mmefagia vizuri."

Niliupokea. Mfuko wa sketi ukavutika upande, mahali pake. Ukuta alikuwa amekwisha kushika mlango.

"Unakwenda kompyuta?" aliuliza.

Nilifikiri kidogo. "Njoo. Utanitajia vipimo. Lakini ufunguo nashika mimi."

"Ushike," alisema.

Tulitoka, tumeachana hatua moja.